Magari ya kesho kiganjani: ukusanye ya kubuni, ya maonyesho au ya filamu?

Anayeanza kukusanya magari madogo ya chuma yenye sura ya siku zijazo hukuta makundi matatu yamechanganywa kwenye kapu moja. Kuna magari ya kubuni, yaliyochorwa na wasanifu wa vitu vya kuchezea bila kufuata gari lolote linalouzwa. Kuna magari ya maonyesho, yaani nakala ndogo za magari halisi ambayo kampuni za magari hutengeneza moja moja ili kuonyesha zinakotaka kwenda. Na kuna magari ya filamu na televisheni, yaliyozaliwa pamoja na hadithi. Yote yana vioo vya kuba, mapezi na injini zinazochungulia nje, na ukiyatazama haraka utadhani ni ya ukoo mmoja. Ukinunua bila kuyatenganisha, kabati litajaa upesi, halafu utashindwa kueleza kwa nini gari hili lipo na lile halipo.

Sioni kundi linalomfaa kila mtu. Ninachokiona ni kwamba kila kundi linakupa kesho ya mtu tofauti: mchoraji, mtengenezaji wa magari, au msimulizi. Ukishajua unamfuata nani, maamuzi mengine huwa mepesi.

Nimeyapima yote matatu kwa vigezo vilevile: asili ya wazo, ukubwa na nafasi yanayohitaji, namna yanavyozeeka, upatikanaji na gharama, hatari ya kuuziwa kitu kisicho halisi, na kama yanashikika au ni ya kutazamwa tu. Uzito wa kila kigezo hautalingana, kwa sababu wazo na uzee vina mengi ya kusemwa kuliko vingine.

Wazo limetoka wapi

Kwenye magari ya kubuni, jina la kwanza ni Hot Wheels, iliyoanzishwa na Mattel, kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, mwaka 1968 kwa magari 16. Mengi kati ya hayo yalikuwa magari ya Marekani ya wakati ule yaliyoongezewa mbwembwe, lakini machache yalitazama mbali. Beatnik Bandit lilifuata gari halisi la Ed Roth, mjenzi wa magari wa Marekani, lenye kuba ya kioo na lisilo na usukani wa duara. Dereva aliliongoza kwa mkono mmoja wa katikati. Deora lilifuata pikapu ambayo ndugu wawili wa ukoo wa Alexander waliijenga juu ya Dodge A100, na ambayo mtu aliingilia kwa mbele, kioo kikiinuliwa juu. Aliyeichora pikapu hiyo ni Harry Bradley, na ndiye aliyekuja kusanifu magari ya kwanza ya Hot Wheels.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1969, Ira Gilford alipochora Twin Mill: injini mbili kubwa mbele, moja kila upande wa dereva, na mwili mrefu unaoishia nyuma kwa ncha pana. Hakukuwa na gari halisi lililotangulia. Wazo lilitoka kwenye penseli likaenda moja kwa moja kwenye kalibu. Miaka mingi baadaye safari ikageuzwa, na mwaka 2001 Twin Mill la ukubwa kamili likaonyeshwa katika maonyesho ya SEMA huko Las Vegas. Kwangu hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika kundi hili: mchoraji hakuwa na sheria za barabarani, mafuta wala mteja, na bado mchoro wake ulikuwa na nguvu ya kuwalazimisha watu wazima kuujenga.

Magari ya maonyesho yana mvuto wa aina nyingine, kwa sababu kuna chuma halisi nyuma yake. Kipindi chake cha dhahabu ni kati ya mwaka 1968 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasanifu wa Italia waliposhindana kutengeneza magari yenye umbo la kabari. Marcello Gandini, akiwa katika kampuni ya usanifu ya Bertone, alionyesha Alfa Romeo Carabo mjini Paris mwaka 1968, likiwa na milango inayofunguka kwenda juu. Mwaka 1970 Pininfarina, kampuni nyingine ya usanifu, ilipeleka Geneva gari la Modulo, kazi ya Paolo Martin, lililojengwa juu ya chasisi ya Ferrari 512 S na kuwa na paa linaloteleza kwenda mbele. Mwaka huohuo Bertone ilionyesha Lancia Stratos Zero, ambalo dereva aliliingia kwa kufungua kioo cha mbele. Japani nayo haikukaa pembeni: Mazda ilikuwa na RX-500 katika maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1970.

Kampuni za vitu vya kuchezea ziliyadaka mawazo haya yakiwa bado ya moto. Matchbox ilikuwa na Carabo na RX-500 katika safu yake ya Superfast mwaka 1971, na Hot Wheels ikatoa Mercedes-Benz C111 mwaka 1972. Kwa mtoto wa wakati ule, gari ambalo duniani lilikuwa moja au machache tu lilipatikana mfukoni.

Kundi la tatu halidai kwamba gari linawezekana. Linadai kwamba unamjua aliyeliendesha. Dinky ya Uingereza ilitoa FAB 1 katika miaka ya 1960, gari la rangi ya waridi lenye magurudumu sita kutoka kipindi cha vikaragosi cha televisheni, likiwa na roketi inayofyatuka kutoka mbele na sanamu ndogo za bibi mwenye gari na dereva wake. Mwaka 1968 ikafuata Spectrum Pursuit Vehicle, la kipindi kingine cha vikaragosi, ambalo kiti cha dereva hutoka nje pamoja na mlango. Corgi, nayo ya Uingereza, ilitoa mwaka 1966 gari la Batman, namba 267, lenye msumeno wa kukatia minyororo uliojificha puani.

Gari hilo la Batman linastahili neno la ziada, maana linaonyesha kuta kati ya makundi haya ni nyembamba kiasi gani. Lilikuwa Lincoln Futura, gari la maonyesho la mwaka 1955 lililojengwa na Ghia huko Turin, kabla ya mjenzi wa magari George Barris kuligeuza kuwa gari la televisheni. Kwa hiyo mpenzi wa magari ya maonyesho ana haki kamili ya kuliweka kwenye rafu yake, mradi anajua kwa nini.

Ukubwa na nafasi

Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Gari la mita 4.5 huwa na urefu wa sentimita 7 hivi katika skeli ya 1:64 (yaani dogo mara 64 kuliko gari halisi), sentimita 10.5 katika 1:43, na sentimita 25 katika 1:18.

Magari ya kubuni karibu yote ni madogo, ya ukubwa unaoitwa 1:64, na kabati moja la ukutani linayameza kwa makumi. Neno skeli hapa si la kushikilia sana. Gari ambalo halikuwahi kuwepo halina kipimo cha kulinganisha, na wasanifu hulikuza au kulipunguza ili liingie kwenye pakiti.

Kwenye magari ya maonyesho, skeli ni suala zito, na ndipo wengi wanapokosea kununua. Stratos Zero lina kimo cha sentimita 84 tu. Lipunguze hadi 1:64 na litabaki na kimo cha sentimita 1.3, ambacho karibu chote kitamezwa na magurudumu. Ndiyo maana watengenezaji wa magari madogo huliinua gari, hulinenepesha ubavuni na kulipa matairi makubwa kuliko yake, na ile kabari kali iliyowashangaza watu hupotea. Katika 1:43 umbo linaanza kupumua. Katika 1:18, ambako kimo hufikia karibu sentimita 5, unaona mikunjo yote aliyoikusudia msanifu. Anayependa mistari ya gari asikimbilie skeli ndogo kwa sababu tu kabati lake ni dogo. Heri magari sita ya 1:43 kuliko sitini yasiyofanana na asili.

Magari ya filamu hayana nidhamu ya skeli hata kidogo. Dinky na Corgi ziliyatengeneza kwa ukubwa uliotosha kuficha springi, roketi na vitufe ndani yake, kwa hiyo ukiyapanga pamoja hutapata msafara wenye uwiano. Kila gari linataka nafasi yake, na sanduku lake kando.

Yanavyozeeka

Magari haya kwa kawaida husubiwa kwa aloi ya zinki yenye alumini, magnesi na shaba, inayojulikana kama zamak. Huyeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi, hivyo kalibu za chuma kigumu hudumu muda mrefu na alama ndogondogo hutokea vizuri. Adui yake mkubwa ni risasi. Aloi ikichafuliwa na risasi kidogo tu, chuma huanza kuliwa kwa ndani: bodi huvimba, hupata nyufa kama za udongo mkavu, mwishowe humeguka. Hakuna tiba. Ugonjwa huu uliwapata zaidi watengenezaji wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na magari tunayoyazungumzia hapa ni ya baadaye, lakini ukiona nyufa za namna hiyo kwenye gari lolote, usijidanganye kwamba gundi itasaidia.

Magari ya kubuni ya zamani yana udhaifu wake mahususi. Hot Wheels za mwaka 1968 hadi 1977, zinazotambulika kwa mstari mwekundu kwenye matairi, kwa miaka ya mwanzo zilipakwa rangi ya Spectraflame: rangi inayopitisha mwanga, iliyopakwa juu ya chuma kilichong'arishwa. Ndiyo inayoyapa mng'ao kama wa peremende, na ndiyo inayoyasaliti, kwa sababu chuma kikianza kufifia chini yake madoa meusi huonekana wazi, na huwezi kuyafuta bila kuiondoa rangi. Matoleo mapya ya rangi ya kawaida hayana shida hiyo. Mahali pakavu, pasipo jua la moja kwa moja, panatosha kwa mengi.

Kwenye magari ya maonyesho ya skeli ya 1:43, tahadhari moja ni ya lazima: mengi ya kisasa si chuma. Yanamwagwa kwa resini, aina ya plastiki ya kumiminwa, kwa sababu kalibu ya chuma ni ghali mno kwa toleo dogo. Kampuni za Spark na AutoCult ya Ujerumani hufanya kazi nzuri sana kwa njia hiyo. Ila resini ni nyepesi mkononi, milango haifunguki, joto huweza kuipindisha, na vipande vyembamba vya madirisha hubanduka. Kama unachokipenda ni ule ubaridi na uzito wa chuma, soma maelezo ya kitu kabla ya kulipa. Jihadhari pia na matairi laini yanayokaa miaka mingi juu ya kitako cha plastiki. Mafuta yaliyomo ndani yake huhama na kuiyeyusha plastiki iliyo chini.

Magari ya filamu ndiyo yanayozeeka vibaya kuliko mengine, na sababu iko wazi: yalichezewa kwa nguvu. Springi zimechoka, roketi zimepotea, vioo vya plastiki vimechubuka, waridi la FAB 1 limepauka. Chuma chenyewe kwa kawaida kiko salama. Kinachoharibika ni vile vitu vidogo vilivyolifanya gari liwe la hadithi.

Kupatikana na gharama

Hakuna kundi lililo rahisi kuanza kama la magari ya kubuni. Hot Wheels hutoa safu mpya kila mwaka, na maumbo ya zamani kama Twin Mill yamerudishwa mara nyingi. Jambo la kukumbuka: mwaka ulioandikwa tumboni mwa gari ni mwaka ambao umbo lile lilisajiliwa, si mwaka gari lako lilipotengenezwa. Kuna wanaouza gari la juzi kwa bei ya babu yake kwa kutegemea mwaka huo tu. Gharama hupanda unapoingia kwenye matoleo adimu ya Treasure Hunt, yaliyoanza mwaka 1995, au unaporudi nyuma hadi magari ya mstari mwekundu, hasa yakiwa bado ndani ya pakiti.

Magari ya maonyesho hutoka kwa vipindi. Norev ya Ufaransa imetoa mengi ya Peugeot, Renault na Citroën kwa skeli ya 1:43, na kampuni za magari zenyewe huuza baadhi ya nakala kama kumbukumbu za maonyesho. Toleo likiisha mara nyingi halirudi. Carabo la Matchbox bado linapatikana kwa bei ya kiungwana likiwa limechubuka, kwa sababu lilitengenezwa kwa wingi. Nakala bora ya 1:18 ya gari hilohilo inataka mfuko mwingine kabisa.

Kwa magari ya filamu, kila kitu kinategemea leseni na ukamilifu. Kiwanda cha Dinky cha Binns Road, Liverpool, kilifungwa Novemba 1979, hivyo kilichopo kimekuwepo tangu wakati huo. Gari lilelile likiwa na roketi zake, sanamu zake na sanduku lake linaweza kuwa na thamani mara kadhaa ya lililo peke yake. Sanduku la karatasi, kitu ambacho mtoto alikitupa siku ya kwanza, ndilo hupatikana kwa shida zaidi.

Halisi au la

Nitakuwa mfupi. Kwenye magari ya kubuni ya zamani, chunguza ribiti zinazoshikilia bodi na bamba la chini: zikiwa zimetobolewa au zina alama za gundi, gari limewahi kufunguliwa, na huenda limepakwa rangi upya au kubadilishwa magurudumu. Deora la mwaka 1968 lilikuja na mbao mbili za plastiki za kutelezea mawimbi. Nyingi zilizopo leo ni za kuigwa. Kwenye magari ya filamu, roketi, sanamu na masanduku ya kuigwa ni jambo la kawaida, na si dhambi kuyanunua mradi muuzaji amesema wazi. Magari ya maonyesho hayasumbui sana upande huu, maana faida ya kuigiza toleo dogo la resini ni ndogo.

Kushika au kutazama

Hot Wheels ziliundwa ziende mbio: ekseli nyembamba na magurudumu yenye msuguano mdogo ndivyo vilivyowashtua washindani mwaka 1968, hata Matchbox ikajibu kwa Superfast mwaka 1969. Gari la kubuni linaweza kukaa kabatini wiki nzima na kuteremka kwenye reli ya plastiki jioni ya Jumamosi bila kupata madhara makubwa. Gari la filamu linataka kubonyezwa; bila hivyo hujalijua, ila bonyeza kwa upole. Nakala ya resini iache kwenye kitako chake. Na vipande vinavyofyatuka visifike mikononi mwa watoto wadogo.

Kulingana na hali yako

Kama una bajeti ndogo, nafasi ndogo, na watoto wanaotaka kushiriki, magari ya kubuni yatakupa furaha ya haraka. Jiwekee mpaka mapema, kwa mfano kazi za msanifu mmoja au magari yenye kuba ya kioo tu, kwa sababu urahisi wa kununua ndio unaowazamisha wengi.

Kama wewe ni mtu wa mistari na umbo, unayeweza kusimama dakika nyingi ukitazama mkunjo wa boneti, chukua magari ya maonyesho katika 1:43 au zaidi. Nunua machache, na ukubali kwamba baadhi yatakuwa resini. Kama chuma ni sharti, Matchbox na Hot Wheels za miaka ya 1970 ziko tayari kukupokea, pamoja na maumbo yao yaliyonenepeshwa.

Kama kuna gari ulilolitazama kwenye televisheni utotoni na bado unalikumbuka, nenda kwenye kundi la tatu bila kusita. Lakini amua kabla ya kununua kama unataka lililokamilika au lililochezewa. La kwanza litakugharimu, la pili litakufanya utafute vipuri kwa muda mrefu, na wapo wanaoifurahia kazi hiyo ya kutafuta kuliko gari lenyewe.

Kama unanunua kwa matarajio ya kuuza baadaye, hali ya gari na ukamilifu wake ndivyo vya kutazamwa kwanza, katika kundi lolote. Nakala moja safi, yenye sanduku, hupata mnunuzi kirahisi kuliko tano zilizochubuka.

Na kama moyo wako unakataa kuchagua, shikilia mwaka badala ya kundi. Mwaka 1968 unafaa sana: Hot Wheels za kwanza, Carabo mjini Paris, na Spectrum Pursuit Vehicle la Dinky, vyote ndani ya miezi 12. Anza na Deora la kurudishwa, Carabo la Matchbox lililotumika, na gari la Dinky lisilo na sanduku. Yakikaa kwenye rafu moja kwa muda, utajua ni lipi unalolichukua mara kwa mara, na la nne utalinunua upande huo.